Sheria ya Ziwa na Karai la Mukuru

Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, haina ufuo. Maji yaliyo karibu nayo ni ya Mto Ngong, unaopita hapo ukiwa umeshabeba taka za viwanda na za majumbani, na hakuna anayeutupia ndoana. Hata hivyo, jioni ukishuka kutoka upande wa Pipeline na kuingia vichochoroni, harufu inayokupokea ni ya samaki. Kina mama wamebandika makarai ya mafuta kwenye majiko, mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa, unakaangwa mpaka unatafunika, na kando yake pana gunia la dagaa waitwao omena, mdomo umekunjwa, mkebe wa kupimia umewekwa juu. Wateja wengi ni vibarua wanaorudi kwa miguu kutoka Eneo la Viwanda. Hakuna anayetaja kilo. Mtu husema tu, "Mama, nipimie ya hamsini," akafungiwa, akaenda zake kusonga ugali.

Samaki hao wamesafiri zaidi ya kilomita 300. Wengi wametoka Ziwa Viktoria, wakapakiwa usiku, wakafika soko la Gikomba alfajiri, ambako wanawake hununua kwa gunia au kwa ndoo kisha wakatawanyika mitaani. Kuna miezi bei ya mkebe hupanda ghafla, na mteja akiuliza sababu hupewa jibu fupi: ziwa limefungwa. Hapo ndipo mkazi wa Mukuru hukutana na usimamizi wa uvuvi. Hakuitwa kwenye kikao kilichoamua, wala hakuelezwa ziwa limefungwa kwa faida ya nani. Anachokiona ni kwamba hamsini yake imepungua uzito.

Naamini kwamba ziwa lazima lipumzishwe, la sivyo wajukuu wetu watalisoma katika vitabu kama bwawa la maji matupu. Naamini pia kwamba mipango mingi ya kuokoa samaki huvunjika kwa sababu moja ambayo waandaaji wake huipita haraka: kusubiri samaki wakue kuna gharama, na gharama hiyo hubebwa na watu. Mpango usiomtaja mbebaji huyo humwachia mzigo aliye dhaifu kuliko wote, naye hutafuta njia ya kuutua.

Mikataba na taa za jirani

Mipango haijakosekana. Tarehe 30 Juni 1994, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mjini Kisumu mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake yako Jinja. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Nchi hizo zilikubaliana kuhusu upana wa matundu ya nyavu, na kwamba mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Kenya ilitunga kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana kama BMU, mwaka 2007, halafu Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi mwaka 2016. Kila mwaka, tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena upande wa Kenya hutakiwa kusimama.

Sasa mfikirie baria, kijana anayevua katika mashua ya mtu mwingine. Hana mshahara. Hulipwa fungu la kile kilichopatikana usiku huo, baada ya tajiri wa mashua kutoa gharama zake. Usiku asioingia ziwani ni usiku usio na fungu. Akikaa ufuoni mwezi Mei, anaziona taa za kuvutia omena zikiwaka ng'ambo ya mpaka, na samaki hawana pasipoti. Anajiona anafunga ili mwenzake ale. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga, lakini hawakusema nani atamlisha mvumilivu mpaka ziive.

Kwa hiyo wapo wanaoingia ziwani kwa siri, na wapo maafisa wanaotazama pembeni kwa sababu nao ni watu wa ufuo uleule. Ukali wa sheria huwaangukia zaidi wanawake wanaonunua samaki ufuoni. Samaki wakiadimika, mwenye mashua ndiye anayechagua amuuzie nani, na hapo ndipo jaboya hushika mizizi, yaani mwanamke kulazimika kutoa mwili ili apate samaki wa kwenda kuuza. Katika ufuo wa Nduru, karibu na Kisumu, wanawake walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe ili waondokane na aibu hiyo. Lilikuwa wazo jema, na kwa muda lilifanya kazi. Kisha mafuriko ya mwaka 2020 yakakifunika kijiji, nao wakarudi kuanza upya wakiwa mbali na makwao. Mradi ulikuwa umeandaliwa kwa ziwa lililotulia, na ziwa halikutulia.

Uganda ilichagua njia nyingine. Mwaka 2017 Rais Yoweri Museveni aliliingiza jeshi ziwani. Nyavu haramu na mashua ndogo zilichomwa moto. Samaki wakubwa walianza kuonekana tena na viwanda vikapata mzigo, lakini wavuvi wa visiwani walilia kupigwa na kunyang'anywa riziki. Mwaka uliofuata Tanzania nayo iliendesha operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu. Nguvu inaweza kumrudisha samaki. Haiwezi kuhakikisha kwamba aliyefukuzwa wakati wa njaa atakuwepo wakati wa shibe.

Majengo yaliyotangulia watu

Upo ugonjwa mwingine wa miradi ya samaki nchini Kenya: kuanza na jengo. Kule Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kiwanda cha kugandisha minofu kilijengwa kwa fedha za Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliokiandaa waliona ziwa lenye samaki na jamii yenye njaa, wakaunganisha viwili hivyo kwa zege na mitambo. Lakini kugandisha samaki katika joto la Turkana kulihitaji umeme na maji safi kupita uwezo wa mahali pale. Waturkana wengi walikuwa wafugaji ambao utajiri wao hutembea kwa kwato, na mvuto wa kuwageuza wavuvi haukutosha. Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa na samaki tele, ikakauka katika miaka hiyohiyo. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu, kisha jengo likaishia kuwa ghala la samaki waliokaushwa kwa jua, kazi ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya bila kiwanda.

Miaka karibu 30 baadaye, mwaka 2009, serikali ilikuja na mpango wa kuchochea uchumi uliotaka kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140. Hesabu yake ilikuwa rahisi: samaki wa bwawani wakiwa wengi, ziwa litapumua. Mabwawa yalichimbwa kweli, na wakulima wengi waliokuwa hawajawahi kufuga samaki walivuna kwa mara ya kwanza. Taabu ilikuja baadaye. Vifaranga bora havikupatikana kwa urahisi, chakula cha samaki kilikuwa ghali, na wengi hawakuwa na barafu wala mnunuzi wa uhakika. Msaada wa serikali ulipopungua, mabwawa mengi yalibaki makao ya vyura. Waliodumu ni wale waliokuwa na maji ya kudumu na soko karibu. Kuchimba shimo ilikuwa sehemu nyepesi ya kazi, na ndiyo iliyotengewa fedha kwanza.

Minofu kwenda Ulaya, mifupa kuja Mukuru

Mgongo wazi nao una historia ya mpango. Mbuta hakuwa samaki wa Ziwa Viktoria. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960 ili uvuvi uwe na samaki mkubwa mwenye thamani. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima, na mamia ya aina za fulu, samaki wadogo walioliwa na jamii za ziwani kwa karne nyingi, wametoweka au kupungua mno. Viwanda vya minofu vikafunguliwa kuanzia Kisumu hadi Mwanza na Entebbe, na soko lao kubwa likawa Ulaya. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa kati ya 1997 na 2000 kwa sababu za usafi na usalama wa chakula, fuo zote zilitetemeka. Uamuzi uliofanywa Brussels ulifika mpaka kwenye sufuria ya baria.

Viwanda vilichukua nyama na kuacha kichwa, mkia na uti wa mgongo wenye nyama kidogo iliyoganda. Mabaki hayo yalinunuliwa na wanawake, yakakaangwa, yakawa kitoweo cha mitaa ya mabanda. Mtu wa Mukuru alianza kula mbuta kwa sababu nyama yake ilikuwa imeuzwa kwingine. Leo mbuta wamepungua, na bondo lao, yaani kifuko cha hewa cha tumboni, husakwa kwa bei kubwa na wanunuzi wa Asia, jambo linaloongeza tamaa ya kuwavua wale wakubwa wanaozaa. Mbuta wakiadimika viwandani, hata mifupa inakuwa haba, na inayopatikana bei yake si ya mfupa tena.

Pengo hilo limejazwa kwa sehemu na tilapia waliogandishwa kutoka Uchina. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizungumza hadharani dhidi ya uagizaji wa samaki hao, na mwezi Novemba mwaka huohuo Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu uchumi wa bahari na maziwa, katika jumba la KICC, kilomita chache tu kutoka Mukuru. Yalisemwa mengi ya maana pale. Lakini mama anayegawa katoni moja ya samaki wa Uchina kwa wateja kumi hamwachi mvuvi wa Siaya, kando ya ziwa, kwa ukosefu wa uzalendo. Ananunua kile ambacho mteja wake anaweza kulipia.

Na hapa pana jambo ambalo wataalamu wa ziwa hawalisikii kwa sababu liko mbali na ziwa. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Hawezi kununua ngege, yaani tilapia wa ziwani, mkubwa wa kulisha nyumba nzima, ila anaweza kununua kitu cha thamani ya sarafu alizo nazo. Ngege mchanga, aliyevuliwa kabla hajafikisha sentimita 25 zinazotakiwa na sheria, anaingia vizuri katika mfuko huo. Mfuko mdogo unaita samaki mdogo, na sauti yake inasikika hadi ufuoni kwa nguvu kuliko tangazo la afisa wa uvuvi. Kanuni za BMU zinatoa nafasi kwa wenye mashua, baria, wachuuzi wa ufuoni na wengine wa pale, na zinataka wanawake wawemo. Gikomba haimo. Mukuru haimo. Nusu ya sababu inayomfanya samaki avuliwe iko nje ya chumba.

Si kila samaki mdogo ni mchanga

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuwaambia maskini waache kula samaki wadogo. Hilo ni kosa linaloweza kuwaumiza watoto. Omena, ndiye dagaa wa Tanzania na mukene wa Uganda, hubaki mdogo hata akikomaa. Anakua upesi, anazaa upesi, na maisha yake ni mafupi. Ndiyo maana ameweza kuvuliwa kwa wingi kwa miongo kadhaa na bado anaongoza kwa uzito ziwani. Analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto protini, madini ya chuma na chokaa kwa bei ambayo nyama haiwezi kufikia. Mkenya wa kawaida hula chini ya kilo 5 za samaki kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni kama kilo 20. Kumwondolea mtoto wa Mukuru omena kwa jina la uhifadhi ni kumpokonya karibu kila kitu alichokuwa nacho.

Hatari iko kwenye namna ya kuvua. Nyavu za omena zikiburutwa karibu na ufuo, au matundu yake yakiwa chini ya milimita 10, hukusanya pia vitoto vya mbuta na ngege ambavyo vingekua na kulisha wengi. Kanuni inayomweka mvuvi mbali na mazalia ina maana kuliko ile inayomlaani samaki kwa udogo wake.

Kisha kuna upotevu. Omena wengi bado huanikwa mchangani. Mvua za masika zikinyesha mfululizo huoza au huchafuka, na hapo huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku na mifugo kwa bei ya kutupa. Sehemu kubwa ya omena wa ziwa hili haifiki kabisa kwenye sahani ya binadamu. Samaki anayeoza ufuoni amevuliwa bure: ziwa limempoteza na Mukuru haijampata. Kichanja cha kukaushia chenye wavu, kilichoinuliwa juu ya mchanga na kufunikwa mvua inapokuja, hakipigwi picha kama meli ya doria. Lakini kinaongeza chakula bila kumtoa samaki mmoja zaidi majini, na fedha zake ni kidogo.

Palipokubalika kusubiri

Kuna mahali watu walisubiri kwa hiari. Kule Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, wazee wa uvuvi waliona miamba ya bahari yao ikimalizika, wakaunda chama chao mwaka 2003. Baadaye walitenga hekta zipatazo 30 za bahari, eneo wanaloliita tengefu, ambamo hakuna kuvua. Halikukubalika kirahisi, maana hekta 30 za bahari ni hekta 30 za riziki. Lakini waliokataza ndio walewale waliokatazwa, na samaki walipoanza kufurika nje ya mpaka wa tengefu, waliovuna walikuwa hao hao. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Madagaska, katika kijiji cha Andavadoaka, wavuvi wa pweza walianza mwaka 2004 kufunga sehemu tu ya mwamba kwa miezi michache. Pweza hukua haraka, kwa hiyo malipo ya subira yalionekana kabla watu hawajakata tamaa, na mtindo huo ukaenea hadi visiwa vya Zanzibar.

Upande wa pili uko Newfoundland, nchini Kanada. Huko chewa walivuliwa na meli kubwa mpaka serikali ikalazimika kufunga uvuvi tarehe 2 Julai 1992, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Iliwachukua zaidi ya miaka 30 kuona uvuvi huo ukifunguliwa tena kwa biashara. Kanada iliweza kuwalipa wengi wao. Sisi hatuna hazina ya namna hiyo, na ndiyo sababu tufunge mapema, kwa muda mfupi, tukiwa na mpango wa kuwalisha wanaosubiri. Dunia iliahidi kukomesha uvuvi wa kupita kiasi ifikapo mwaka 2020. Kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2021 asilimia 37.7 ya akiba za samaki baharini zilikuwa zikivuliwa kuliko zinavyoweza kujijaza.

Mukuru inajua kuhesabiwa

Watu wa Mukuru hawahitaji kufundishwa tofauti kati ya mpango unaowajua na usiowajua. Mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Mashirika zaidi ya 40 yalishiriki, Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ukiwa mstari wa mbele, na kaya takriban 100,000 zilipangwa kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wake, ili maji, barabara, majitaka na ardhi vijadiliwe na wanaoishi pale. Ilikuwa kazi ngumu na ya polepole. Baadhi ya matunda yake yalionekana: barabara zilizopitika na mifereji ya majitaka. Kisha Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yakaingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya familia wakalala nje. Mtaa mmoja, miaka minne, namna mbili za kupanga. Wakazi wanajua ni ipi iliyodumisha imani.

Kama kaya 100,000 ziliweza kupangwa kumi kumi, haishindikani kuwapata wachuuzi wa samaki wa Gikomba na Mukuru na kuwapa viti pale kalenda ya ziwa inapoamuliwa. Wanajua bei kwa wiki, wanajua ngege wachanga wanatoka wapi, na wakiamua pamoja kutowanunua, mvuvi atalisikia katazo hilo kabla ya doria. Kama mwaka 2020, wakati wa korona, serikali iliweza kuwalipa vijana wa mitaa ya mabanda kupitia Kazi Mtaani, inaweza kuwalipa baria na wanawake wa fuo wakati wa kufunga, wakaondoa magugu maji, wakajenga vichanja, wakalinda mazalia. Na nchi tatu zisizoweza kufunga miezi ileile zisimdai mvuvi wa nchi moja utiifu ambao zenyewe zimeshindwa kupeana.

Kila mpango mpya wa uvuvi utakaoletwa uulizwe mambo machache kabla ya kupewa fedha. Ziwa likifungwa, nani atalala njaa, na amepangiwa nini? Samaki waliokwisha kuvuliwa wanapotea wapi? Mnunuzi wa mwisho ni nani, na jina la chama chake liko wapi katika orodha ya waliokubali? Mpango usioweza kujibu urudishwe kwa waliouandika, wakakae kwanza na watu utakaowasubirisha.